Bahasha Mia Mbili na Kumi za Mzee Awadhi

Mzee Awadhi Humaidi hakai. Ukimpa kiti anakishika mgongo tu, anasimama nyuma yake, halafu anatoka kwenda kuangalia kama mvua imekatika. Ni fundi fremu na vioo hapa Gongoni, Tabora, mlango wa tatu kutoka steshenari yangu. Kwa miaka miwili alikuwa akinijia mara nne, mara tano kwa siku, na swali lile lile: "Batuli, wamefika wangapi?"

Alikuwa anaulizia wageni wa tovuti yake.

Baba yake, marehemu Mzee Humaidi, alikuwa na studio ya picha karibu na stesheni. Watu walishuka kwenye treni kutoka Urambo na Usinge, wakapiga picha, wakalipa papo hapo, wakaambiwa warudi Alhamisi. Wengi walirudi. Wengine walishikwa na msimu wa tumbaku, wengine na ndoa za mbali, wengine na mauti. Mji huu umezoea watu wanaoacha vitu na kusema watavirudia, tangu enzi za misafara watu hapa wanaaga na kuahidi. Mzee Humaidi hakutupa bahasha hata moja. Alipokuwa kitandani na roho iko shingoni, alimshika mwanawe mkono akamwambia zile picha ni amana, wenyewe wapewe. Zilikuwa bahasha mia mbili na kumi. Hayo yalikuwa mwaka tisini na mbili. Awadhi leo ana miaka sitini na saba, na bahasha zilikuwa bado mia mbili na kumi.

"Baba alikufa nazo," aliniambia. "Mimi sitaki kufa nazo. Nikiulizwa huko niendako, nitajibu nini?"

Ndiyo maana alifungua tovuti. Alijifunza mwenyewe kwenye simu, na kwa hilo nampa heshima yake. Lakini ukweli lazima usemwe: nilipoifungua mara ya kwanza nilidhani simu yangu imeingiwa na jini. Ukurasa kijani, maandishi mekundu, nyota zinametameta pembeni, na kabla hujasoma neno qaswida inaanza kupiga yenyewe kwa sauti ya juu. Picha zilikuwa nzito kiasi kwamba ukimaliza kuangalia tatu, bando limekwisha.

Nikamwambia. Mimi mdomo wangu hauna breki, wateja wangu wanajua. Alinuna siku mbili, siku ya tatu akarudi na kusimama nyuma ya kiti.

"Haya, toa nyota," akasema.

Tukatoa nyota. Rangi ikawa nyeupe kama ukuta uliopigwa chokaa, maandishi meusi, picha zikapunguzwa uzito. Qaswida tuliigombania wiki nzima. Nilimuuliza kama yeye akienda dukani kwa mtu, anapenda kupokewa kwa spika sikioni. Akaitoa, ila hakunisemesha hadi Ijumaa.

Tovuti ikapendeza, na wageni hawakuja. Niliandika Google jina la studio na neno Tabora. Zikaja hoteli, zikaja studio za muziki, akaja fundi fremu wa Mwanza. Awadhi hakuwepo ukurasa wa kwanza wala wa tano. Naye akaja na dawa yake: akawaamuru wazee wote wa baraza ya kahawa wafungue tovuti kila asubuhi kabla ya kikombe cha kwanza. Ndiyo sababu ikaonyesha wageni mia tatu na kumi na wawili, nami nikajua karibu wote ni yeye, mimi na wanywa kahawa.

Kosa nililiona siku nilipoitazama kwa utulivu. Marehemu baba yake alikuwa akiandika pembeni ya kila picha kwa wino mweupe: jina, kijiji, tarehe. Mwandiko mzuri ajabu, herufi zimelala upande mmoja kama majani ya mpunga upepo ukipita. Awadhi alizipiga skana picha zile pamoja na mwandiko wake, akaziweka hivyo hivyo. Hakuchapa hata neno moja.

"Maneno si yapo pale?" akaniuliza. "Mwenye macho ataona."

"Google haina macho, mzee. Inasoma yaliyochapwa. Picha kwake ni giza tupu."

"Basi kipofu huyo mnamsifia nini?"

Hakutaka kuchapa. Mwandiko wa baba unatosha, ndilo lililokuwa jibu lake, na akatoka kwenda kuangalia mvua.

Halafu tukagombana kweli kweli. Katika zile bahasha, sabini na tatu zilikuwa za wanawake, naye hakuwa ameweka hata moja. Nikamwambia aziweke zote, watu wanapenda kuona kina bibi na mitindo ya zamani, ndizo zitakazovuta. Akabadilika uso.

"Batuli, mwanamke yule alimwachia baba sura yake akasema nitairudia. Hakuuachia mji mzima. Wengine walivua ushungi wapigwe picha ya kumpelekea mume aliye mgodini. Mimi ni nani niwatoe nje?"

"Basi waandike!" nikafoka. "Kama hutaki waonekane, andika walivyo, uone kama kuna atakayesoma."

Nilisema kwa hasira, ili aniondokee pale kaunta. Yeye akalichukua kama shauri. Kwa wiki tatu alisimama pale pale, anachapa kwa kidole kimoja, anafuta, anachapa, huku wateja wangu wa fotokopi wanampita pembeni. Nakumbuka ukurasa mmoja aliouandika: "Mama Lugembe wa Usinge, mwaka 1973. Kijana mwembamba, kanga ya maua makubwa, kovu dogo juu ya nyusi ya kulia. Amempakata mtoto wa kiume asiyetulia. Anataka kucheka lakini anajizuia. Alilipa. Alisema atarudi Alhamisi."

Na katika kila maelezo aliacha alama moja bila kuitaja. Nilipomuuliza, alinishangaa kama mtu asiyefundwa. Kitu cha kuokotwa, akasema, hakitangazwi chote. Unabakiza alama, ili anayesema ni chake akutajie yeye.

Mwezi ukapita. Siku moja nikafungua pale Google wanapoonyesha maneno yaliyowaleta watu kwenye tovuti, nikaona haya peke yangu. Watu walikuwa wakija sasa, kutoka Igunga, Mwanza, mmoja hata Maskati, na karibu wote walitua kwenye kurasa za wanawake, kurasa zisizo na picha hata moja. Zile sura za wanaume nilizozitegemea, hakuna aliyezifikia. Nilimwita nikamwonyesha. Nilitegemea anicheke, nilistahili. Hakucheka. Alisema, "Kumbe maskini hawa wengine nimewaficha mimi," na jioni ile ile akaanza kuwachapa wanaume.

Wageni wakaongezeka, lakini bahasha hazikupungua. Hilo ndilo lililomtafuna. Watu walisoma, wakasifu, wakauliza kama anauza. Alikuwa akichukua kasha la bahasha, analinusa, kwa sababu filamu zilizomo pamoja na picha zilikwisha kuanza kutoa harufu ya siki, na anajua maana yake. "Zinaoza, Batuli. Zinaniozea mkononi." Alikonda. Usiku, mkewe Fakhria aliniambia, alikuwa anaamka kuangalia simu.

Mwezi wa pili mwaka huu akaja mwanamume mmoja kwa basi la Urambo, nami nipo dukani kwa Mzee Awadhi. Mkulima wa tumbaku, mvi kidevuni, viatu vimepigwa kiwi kwa ajili ya safari. Binti yake alikuwa akichezea simu, akaandika jina la baba na la kijiji alichozaliwa, waone kama Google inamjua. Ikaja Mama Lugembe wa Usinge.

"Mimi ndiye Lugembe," akasema. "Mama alifariki sijatimiza miaka miwili. Nyumbani hakuna picha. Bibi yangu alikuwa ananiambia tu, alikuwa na kovu hapa."

Moyo wangu ulishamkubali. Mzee Awadhi hakumkubali. Alishikilia bahasha kifuani, anahama mguu huu na ule.

"Kina Lugembe Usinge ni wengi, na kovu nimeliandika mwenyewe. Niambie ambalo sikuandika. La mtoto."

Yule bwana alifikiri. Akatazama sakafu, akatazama fremu ukutani, nami nikawa naomba kimoyomoyo. Mwishoni akaunyoosha mkono wa kushoto polepole kama anayeona aibu. Pembeni ya kidole kidogo palikuwa na kinundu, hakizidi punje ya mtama.

"Nilizaliwa na vidole sita. Sijui kama kwenye picha inaonekana. Bibi alisema mama mwenyewe ndiye aliyekifunga uzi hadi kikakatika."

Machozi yalimtoka Mzee Awadhi waziwazi, mtu mzima, akampa bahasha kwa mikono miwili.

Lugembe akaifungua. Sote watatu tukainamia. Mtoto alikuwa ameinua mkono, uzi mweusi umezunguka kidole cha sita. Na juu ya mtoto, msichana. Sitamwita mama, alikuwa msichana, miaka kumi na minane au kumi na tisa, shingo nyembamba, midomo imebanwa isicheke.

"Mbona mdogo hivi," Lugembe akasema. "Binti yangu wa mwisho anamzidi."

Akaiweka picha juu ya kaunta. Akafuta viganja kwenye suruali, akavua kofia, akainama kidogo mbele ya kile kitoto cha kike, yeye na mvi zake.

"Shikamoo, mama."

Akangoja. Naapa alingoja kweli, kichwa chini. Mimi ni mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, lakini ukimya ule sikuuweza.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia.