Kidonge cha Ugonjwa Mwingine

Nyanjige alirudi kutoka Arabuni na mabegi mawili na kipele shavuni. Mabegi ndiyo yaliyotazamwa. Pale kijijini kwake, nje kidogo ya Bariadi, alipokelewa kwa vigelegele, akawagawia majirani mitandio na sabuni za kunukia, kipele akakikuna na kukisahau. Baada ya miezi michache kipele kikawa kidonda cha duara, kingo zimeinuka, katikati gaga, upana wake kama kizibo cha soda. Na hakikuuma. Hilo ndilo lililowatisha watu. Kidonda kisichouma, jamani, ni kidonda gani hicho?

Basi midomo ikaanza kazi. Mmoja akasema ni ukoma. Mwingine akakataa, akasema ni jini la huko alikokuwa, limemfuata mpaka kwake. Wa tatu, tena akiwa amejifunga mtandio wa Nyanjige kichwani, akadai huyu mama kuna mambo aliyafanya huko, tusiulizane sana. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Walichofanya ni kumheshimu! Ukitokea msiba, Nyanjige akienda na kisu chake kumenya viazi na wanawake wenzake, anawahiwa na kiti cha plastiki. "Kaa hapa, Mama Kija, pumzika, una uchovu wa safari." Safari gani, na alisharudi tangu pamba ya mwaka jana haijavunwa? Anakaa kwenye kiti chake kama mgeni rasmi, anawatazama wenzake waliokaa chini wakimenya na kusengenyana, na roho inamuuma kuliko ule msiba wenyewe.

Hayo yote angeyameza. Alikuwa mjane, na huko Arabuni alizoea kula jikoni peke yake amesimama. Kilichomnyima usingizi ni Kija, mwanawe wa pekee, aliyeolewa kule Nassa na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Uzazi wa kwanza binti anarudi kwa mama yake, ndivyo walivyozoea. Mama ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, ndiye anayempikia uji wa mtama, ndiye anayempakata mtoto mama wa mtoto akilala. Nyanjige aliondoka Kija akiwa bado na sare za shule, harusi yake akaisikia kwenye simu. Uzazi huu hakutaka kuusikia kwenye simu. Alishapaka chumba chokaa, akanunua kitanda, akakunja vitenge vya kumbebea mtoto na kuviweka juu yake.

Siku moja Kija akapiga. "Mayu, mama mkwe anasema nijifungulie huku huku."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Anasema mtoto mchanga hana kinga. Na hicho kidonda chako hatujui ni kitu gani."

Nyanjige hakumlaumu. Akamuuliza kama miguu imevimba, akamkataza kubeba ndoo. Simu ilipokatika akaingia kile chumba, akakaa juu ya godoro ambalo hata nailoni halijavuliwa, akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Kesho yake akaenda hospitali mjini. Daktari Machibya alikuwa kijana mpole, wa wale wanaouliza swali na kusubiri jibu. Alitaka kujua huko Arabuni aliishi vipi. Nyanjige akamweleza: nyumba pembeni ya shamba la mitende, yeye chumba cha nyuma, dirisha halina wavu.

"Mbu walikuwepo?"

"Wachache. Walikuwepo wadudu wengine, wadogo, hata sauti hawana. Unastukia tu umeumwa."

"Usubi," daktari akasema. Akamkwangua kidogo ukingoni mwa kidonda, sampuli ikapelekwa Mwanza, na damu ikapimwa kila kitu, hata virusi vya Ukimwi. Virusi hakuna. Majibu ya Mwanza yalipofika alimwita akamkalisha. "Mama, si ukoma, na hujarogwa. Ni kimelea, kijidudu kisichoonekana kwa macho. Usubi wa huko ndio waliokuingizia kwenye ngozi. Hakiambukizi kwa kushikana wala kwa kula sahani moja. Mjukuu unaweza kumbeba hata leo."

Nyanjige alitaka kupiga kigelegele pale pale. "Na dawa ipo?"

Daktari akajikuna kichwa. Sindano za kimelea hiki hazipatikani kirahisi, akasema, tena ni kali. Lakini kuna kidonge cha fangasi, cha siku nyingi, kila duka la dawa linacho. Huko huko Arabuni madaktari walikijaribu kwa vidonda kama hiki, vya wengi vikafunga mapema zaidi.

"Fangasi? Mimi nina kimelea, wewe unanipa dawa ya fangasi?"

"Ni viumbe tofauti, ila ganda la nje wanalijenga kwa mafuta ya namna moja. Dawa hii inaharibu ujenzi huo. Haiulizi jengo ni la nani." Akacheka, na Nyanjige naye akacheka. "Lakini utakinywa kila siku, wiki baada ya wiki, usiruke. Na utakuwa unakuja nikupime ini."

Alimpigia Kija akiwa bado kwenye geti la hospitali. Kija alifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa ya kujilazimisha. "Basi kipone kwanza, mayu," akasema. "Mama mkwe atataka kuona kimepona."

Akavimeza vidonge vile kila siku. Vya hospitali vilipomalizika alivinunua pale senta, kwa Violeth, mwenye duka la dawa. Mara ya kwanza Violeth alimuuzia tu. Mara ya pili akakishika kile kiboksi, hakutaka kukiachia.

"Mama Kija, hizi ni za nani?"

"Zangu mwenyewe. Za kidonda."

"Mtu mwenye fangasi za kawaida anameza kimoja, yanaisha. Wewe kila siku?"

"Daktari ndivyo alivyosema. Niliumwa na mdudu huko Arabuni."

Violeth akamtazama kwa huruma. Anayeuza dawa miaka yote hiyo anawajua wanaomeza kidonge hicho kila siku: ni wale ambao virusi vimewamaliza kinga mpaka fangasi zikapanda kwenye ubongo. Mdudu wa Arabuni! Akavifunga kwenye bahasha, akamshika mkono. "Pole, mama yangu. Usikate tamaa. Siku hizi watu wanaishi vizuri tu." Nyanjige akashukuru, akaondoka bila kuelewa anapewa pole ya nini.

Alielewa wiki iliyofuata, pale maneno ya duka la dawa yaliposambaa na watu wakaanza kurudi kwake. Jirani aliyekuwa hakanyagi kwake alikuja kuomba chumvi, akakaa, akanywa na chai. Msibani kiti cha plastiki kikatoweka. Akasogezewa viazi, mwanamke mmoja akamnong'oneza kwamba hata dada yake anatumia dawa na ananenepa. Nyanjige akashusha kisu. "Mimi sina huo ugonjwa, jamani. Nilipimwa." Wote wakaitikia ndiyo, ndiyo, kwa zile sauti wanazotumia watu kumtuliza mgonjwa. Alichoka. Ugonjwa huo semina zake zimefanyika miaka nenda miaka rudi, mabango yamebandikwa, kila mtu anajua hauambukizi kwa kumenya viazi pamoja. Kimelea cha usubi nani alishawahi kukifanyia semina? Akawa na wenzake tena, wanacheka naye, na bado alirudi nyumbani akihisi hakuna aliyekuwa anaongea na yeye.

Mtoto alizaliwa Nassa. Msichana. Nyanjige aliletewa habari kwenye simu, kama ya harusi. Kidonda kilikuwa kimeanza kujifunga, gaga limedondoka, ngozi changa imetokeza. Alijipiga picha akatuma. Hakujibiwa.

Siku Kija alipokuja, hakutoa taarifa. Nyanjige alikuwa anaanika michembe ya viazi vitamu, akasikia bodaboda mbili zikizima uani. Ya kwanza ilimshusha Kija na kitenge kifuani, ya pili ikamshusha Felisita, mama mkwe mwenyewe. Nyanjige alikimbia, halafu akasimama mbali kidogo na mtoto, mikono nyuma, maana alishazoea. Wakaingia ndani. Felisita hakutaka hata maji. Alimwomba Kija afunge mlango.

"Mkwe," akaanza, "nimekuja kuomba radhi. Niliogopa kwa sababu nilikuwa sijui. Sasa habari za kidonge chako zimetufikia." Akasogea karibu. "Kidonge hicho nimekimeza na mimi, mwaka ule waliponibeba kwa machela watu wakasema simalizi wiki. Wanaojua ni mwanangu na huyu Kija tu. Nakwambia wewe ili ujue hauko peke yako."

Nyanjige alihisi machozi yanamjia. Mwanamke huyu alikuwa amepanda gari kutoka Nassa kuja kumkabidhi siri yake! Na bado alisema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: "Mkwe, asante. Lakini mimi sina virusi. Walinipima. Hiki ni kimelea cha usubi."

Felisita akainamisha uso. Alionekana kama mtu aliyevua nguo mbele ya mwenzake, mwenzake akabaki amevaa. Kija akasimama.

"Mayu! Mwenzio amejifunua mbele yako, na wewe bado unatuletea ya usubi? Mimi ni mwanao. Sikukimbii. Ninachotaka ni usinidanganye." Sauti ikamkatika, akaanza kukaza kitenge cha mtoto, akamgeukia mkwewe. "Mama, twende."

"Kija, ngoja. Twende tukamuulize daktari."

"Daktari atakutunzia siri yako. Ndiyo kazi yake." Kija alishaanza kuinua komeo.

Mtoto akajinyoosha ndani ya kitenge, mkono ukachomoka, mdogo, umekunja ngumi. Nyanjige akautazama ule mkono. Akamtazama Felisita, ambaye bado hakuweza kuinua macho.

"Ndiyo," akasema. "Ni huo. Ninao."

Kija aliachia komeo, akarudi mbio, akamwangukia mama yake shingoni, kisha akamfungua mtoto na kumweka mikononi mwake. Mtoto alikuwa wa moto na mzito kuliko alivyodhani. Felisita naye akaja akawakumbatia wote, akilia waziwazi.

"Wabeja, mayu, asante," Kija akasema huku akijifuta machozi. "Sasa ndiyo umeniambia ukweli."