Moto Nyuma ya Wodi

Wodi ilikuwa nzuri, hilo halikuwa na ubishi. Ukuta wa mashariki ulijengwa kwa tofali zenye matundu ili upepo upite, bati lilinyanyuliwa juu ya dari ili joto lipate pa kutokea, na vitanda vyote vinne vilikuwa na vyandarua vipya. Ilisimama kando ya zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Fukayosi, nje kidogo ya lami ya kutoka Bagamoyo kwenda Msata. Ila wazazi hawakulala humo. Wanawake walikuja, wakajifungua salama, na kabla ya magharibi walikuwa wameshafungwa khanga tumboni na kupandishwa bodaboda kurudi kwao.

Mkunga aliyesimamia zahanati ile, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya shamba, alikuwa na sababu ya kuumia. Masika iliyotangulia mzazi mmoja aliondoka mchana kwa miguu yake mwenyewe, akarudishwa usiku huku damu imelowanisha kiti cha pikipiki. Alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu hapo mkunga akisikia pikipiki langoni alikuwa anatoka mbio kwanza, kuuliza baadaye. Alitaka kitu kimoja tu: mzazi alale usiku wa kwanza pale pale, mahali anapoweza kumwona.

Mimi niliingia katika habari hii kwa baiskeli. Kuna kundi la watu kutoka Ulaya ambao kila mwaka husafiri kwa baiskeli katika nchi mojawapo na kuchangisha fedha za kujenga majengo ya afya. Wengi wao ni wasanifu majengo na wahandisi, na wana tabia niliyoipenda: wakishajenga, hurudi kuuliza jengo linatumikaje. Wodi ile ilitokana na michango yao. Safari hii walipanga kutoka Bagamoyo, kulala Fukayosi siku kadhaa kwa uchunguzi, kisha kupita Msata na Lugoba hadi Chalinze. Upande wa Lugoba walikusudia kujenga wodi ya pili kwa ramani ile ile, lakini si kabla ya kujua kwa nini ya kwanza inalala tupu.

Walihitaji mkalimani mwanamke, maana mwanamume asingeingia kwa wazazi, tena anayeweza kuendesha baiskeli. Nilikuwa mtangazaji wa redio pale Bagamoyo, nimezoea kuuliza watu maswali. Baiskeli nilikuwa nimeiendesha mara ya mwisho kabla sijaolewa. Nikasema naweza.

Asubuhi ya kuondoka nilivaa suruali chini ya gauni, nikafunga ushungi kwa nyuma, na kofia ngumu ikakataa kuingia juu yake mpaka kiongozi wa msafara alipoilegeza mikanda yote. Alikuwa msanifu majengo mwenye mvi, mwembamba, ambaye watoto wa Fukayosi walikuja kumwita Bibi Baiskeli. Pale Makofia, vijana wa bodaboda walinisubiri kama waliopewa taarifa.

"Mama, hiyo unaiendesha au inakuendesha?"

"Inanisindikiza," nikajibu.

"Tukuvute kwa kamba? Wazungu hao wameshafika Msata!"

"Wakifika wataniagizia chai. Wewe endelea kukaa."

Wakacheka, mmoja akanisindikiza kwa pikipiki taratibu huku akipiga honi kama yuko kwenye harusi. Nilipanda mwinuko wa kwanza kwa hasira tu. Nilipofika juu, mapafu yakiwa yanawaka, niliona barabara inashuka mbele yangu na nikaiachia breki. Sijui lini mara ya mwisho nilicheka peke yangu kwa sauti hivyo.

Kazi ilianza siku iliyofuata. Wageni walitundika vipimajoto ndani ya wodi, maana walishuku joto. Joto lilikuwa la kawaida, pungufu hata ya nyumba za kijijini. Wakashuku mbu, wakashuku giza, wakashuku choo. Kila kitu kilikuwa sawa. Mimi na kiongozi tulizunguka majumbani tukiuliza, na kila nyumba ilitupa jibu la adabu.

"Wodi nzuri, mwanangu. Ina hewa."

"Sasa mbona hukulala?"

"Kwetu si mbali, tukarudi tu."

Kazi yangu imenifundisha kwamba jibu likifanana nyumba tano mfululizo, limepangwa kwa ajili ya mgeni. Basi nikaacha kuuliza, nikaanza kutazama. Nikaona kwamba ndugu waliokuja kumchukua mzazi zahanati hawakubeba nguo wala chakula. Walikuja mikono mitupu na haraka, kama watu walioacha kitu jikoni.

Nyumba ya sita ilinijibu bila kuulizwa. Mzazi alikuwa amejifungua jana yake, na tulipopiga hodi tukaambiwa tukae mkekani kwanza. Mdogo wake, ambaye naye alikuwa mjamzito wa kujifungua siku yoyote, alikuwa amenyoosha miguu anatwanga pilipili manga. Moshi ulitoka uani. Nikasikia maji yakimwagwa, mtu akiguna, halafu sauti ya mama mtu mzima ikibembeleza kwa Kikwere. Alipotoka, jasho lilikuwa linamchuruzika na mikono imemwiva mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtanisamehe, nilikuwa namkanda mwanangu."

Hapo nikaelewa. Mimi mwenyewe nilijifungulia hospitali kubwa Dar es Salaam, na mama yangu alisimama mlangoni tangu alfajiri akiwabembeleza manesi waniruhusu, kwa kuwa maji yalikuwa tayari nyumbani. Kanda la maji ya moto, khanga ya kubana tumbo, uji wa pilipili manga: kwetu pwani mzazi asiyefanyiwa hayo siku ile ile huonekana ametupwa. Nilimgeukia kiongozi.

"Hawaikimbii wodi," nikamwambia. "Wanakimbilia moto."

Aliniomba nieleze mara mbili. Kisha akafungua ramani ya wodi pale pale mkekani na kuipitia chumba kwa chumba. Kulikuwa na stoo, kulikuwa na sehemu ya kufulia, kulikuwa na mabomba. Pa kuwasha kuni hapakuwapo, kwa sababu hakuna hospitali kwao ambako mtu huwasha kuni.

Ilibaki kumwambia mkunga, na hilo ndilo nililoliogopa. Tulikwenda zahanati pamoja na bibi, mkunga akasikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Moto? Katika uwanja wangu? Mimi ninapigana na watu kuhusu hayo makanda kila kliniki, nyie mnanijengea jiko lake?"

"Nesi," bibi akasema kwa upole, "wewe ulipojifungua ulikandwa na nani?"

"Hayo hayahusiani."

"Nakuuliza tu."

Mkunga akamtazama, akanitazama mimi, akaona sina msaada. "Na mama," akasema.

"Ukaungua?"

"Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia!"

Bibi akacheka mpaka akashika nguzo, na mkunga naye akashindwa kuzuia. Baada ya hapo waliongea kama wafanyabiashara. Mkunga hakutaka mtu abonyeze tumbo, wala maji ya kuchemka, wala kanda kabla yeye hajampima mzazi na kuridhika na damu. Bibi alitaka pazungushiwe ukuta, mwanamume asichungulie, na maji machafu yasituame. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya joto la maji. Bibi alimimina beseni la mfano, mkunga akatia mkono na kuutoa kama aliyegusa pasi.

"Haya si maji, huu ni mchuzi!"

Bibi akaongeza kata ya maji baridi. Mkunga akatia tena, akatoa. Kata nyingine. Mwishowe mkono wa mkunga ukakaa ndani, na bibi akanuna: "Basi hayo ni ya kuogea mgeni." Lakini alikubali. Kipimo kikawa hicho: maji ambayo mkono wa nesi unaweza kukaa ndani yake.

Wapanda baiskeli walikuwa wameshahesabu siku zao za Msata na Lugoba. Kiongozi akawaita chini ya ukingo wa bati, akawaeleza, na hakuna aliyetaka kuondoka. Siku iliyofuata niliwaona wahandisi wenye digrii zao wakibeba tofali zilizobaki kutoka ujenzi wa wodi, huku fundi wa kijijini akiwakaripia kwa Kiswahili ambacho sikuhitaji kukitafsiri. Tulichagua sehemu nyuma, karibu na mlango mdogo wa wodi. Kabla ya kuchimba, kiongozi aliwasha bunda la majani makavu akazunguka nalo ili aone moshi unaelekea wapi, usije ukaingia kwa wazazi. Wanawake waliokuwa kliniki walisimama kutazama.

"Anavukiza uwanja!" mmoja akapiga kelele. "Nesi, leo majini yako yanahama!"

Jioni ya siku ya pili palikuwa tayari: ukuta wa kufika mabegani, makuti juu yake, sakafu ya saruji inayoteremsha maji hadi kwenye migomba, na kipande cha bati juu ya mafiga matatu. Bibi aliingia, akakalia kigoda, akatazama kila upande kama mtu anayepanga nyumba. Akatoka, akashika njia ya kwake. Mkunga akaniuliza, "Amependa?" Nikamwambia sijui. Kwa kweli sikujua.

Asubuhi ya kuondoka, tukijaza upepo kwenye matairi, tulisikia pikipiki. Mkunga alitoka mbio kama kawaida yake. Alikuwa yule mdogo wa mzazi, aliyekuwa akitwanga pilipili manga, uchungu umeshamkamata, ameegemea mgongo wa dereva. Nyuma yake, kwa miguu, jasho limemtoka, alikuja bibi na mzigo wa kuni kichwani.

Mkunga aliuona ule mzigo na kusimama. Bibi akapita mbele yake bila kusalimu, akaenda moja kwa moja nyuma ya wodi, na tukasikia kuni zikitupwa chini.

Tulisubiri mpaka tuliposikia mtoto analia. Mkunga alitoka, akainua kidole gumba, akarudi ndani. Lakini swali lenyewe lilikuwa la usiku, na sisi hatukuweza kuungoja. Malazi ya Msata yalikuwa yanatungojea na barabara ilikuwa ndefu. Nilipopanda baiskeli moshi mwembamba ulikuwa unapanda nyuma ya wodi, ukielekea migombani, kule kule alikoutabiri kiongozi.

Kiwangwa tulikula mananasi tumesimama, juisi ikitiririka mpaka kwenye viwiko. Msata nililala kama gogo. Kesho yake tukashika barabara kuu, malori yakitupita kwa vishindo, makonda wa mabasi wakining'inia milangoni na kunipigia makofi: "Mama wa ushungi, twende!" Lugoba walitutembeza kwenye kiwanja cha wodi ya pili, nyasi tupu na vigingi. Kiongozi alisimama hapo muda mrefu, ramani mkononi, hakuikunjua.

Niliingia Chalinze alasiri, wa mwisho lakini juu ya baiskeli, miguu inatetemeka, wenzangu wamejipanga kando ya wauza machungwa wanashangilia kana kwamba nimeshinda mashindano. Sijashuka, simu ikaita. Alikuwa mkunga.

"Mtangazaji, uko wapi?"

"Chalinze."

"Basi njooni mnisaidie."

Nikainua mkono wenzangu wanyamaze.

"Kuna nini, dada? Mzazi yuko wapi?"

"Yuko kitandani! Nimewapa ruhusa tangu asubuhi, hawaondoki. Bibi anasema kanda la jioni bado, na kwao kuni zimeisha, zote amezileta hapa. Mzazi alilala usiku kucha, nilimpima mara nne, hana neno. Sasa jirani yao naye amekuja kuangalia uwanja, anasema mkwewe atajifungulia hapa hapa, na bibi ameshampa zamu yake. Mimi nimekuwa mgeni kwenye zahanati yangu!"

Nyuma ya sauti yake nilisikia mtoto, na kata ikigonga beseni. Mkunga akaondoa simu mdomoni na kupaza ile sauti yake ya kufika ng'ambo ya shamba: "Bibi! Hilo beseni sijalitia mkono bado!" Kisha akarudi kwangu, anahema, anacheka.

"Na huyo Bibi Baiskeli mwambie, huko Lugoba aanze kuchora jiko. Wodi itafuata."