Kona ya Mwisho ya Mjomba Sefu

Jasho la farasi lina harufu yake, kali kuliko ya punda, na ndani yake mna kitu kama majani mabichi yaliyopondwa. Mjomba Sefu, mdogo wake mama, alikuja nayo kila jioni nyumbani kwetu Temeke, na mama alimvua shati uani kabla hajamkaribisha chakula. Chakula chake msimu ule wa vuli kilikuwa uji mwepesi tu. Mjomba alikuwa mpanda farasi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, na mpanda farasi mzito humchosha mnyama kabla ya nusu ya safari. Sisi tulikula wali kwa samaki, yeye akitazama pembeni. Waingereza walikuwa bado wanatawala, na shule ya kwetu iliishia darasa la nne. Mgiriki alikuwa anahamia Nairobi na alitaka kwenda na mpandaji mmoja kati ya wawili aliokuwa nao: Mjomba, au Juma wa Kinondoni. Atakayeshinda mbio za Jumamosi ndiye angechukuliwa. Mjomba alikuwa ameniahidi kwamba akienda yeye nami nakwenda, nikaendelee na masomo huko. Kwa hiyo farasi yule alibeba watu wawili, ingawa mmoja alikuwa amesimama nje ya uzio.

Jumamosi ilinyesha asubuhi, kisha jua likawaka. Wazungu walikaa kwenye viti chini ya turubai, sisi tukajazana upande wa pili, watu wa Temeke huku, wa Kinondoni kule, tukitupiana maneno. Farasi walipoachiwa, Juma alitimka mbele. Mjomba alibaki nyuma kabisa, amevuta hatamu, kama mtu anayekwenda kumjulia hali jirani. Mwanamke mmoja wa Kinondoni akapaza sauti, “Enyi wa Temeke, farasi wenu kapitia sokoni kununua nazi!” Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.  Mama alikuwa ameuma pindo la kanga.

Katika kona ya mwisho Mjomba alikuwa amewafikia wa mbele. Juma alikuwa katikati ya njia, na upande wa ndani, kando ya uzio, palikuwa na nafasi wazi ambayo hata mimi mtoto niliiona. Ndiyo njia fupi. Mjomba hakuifuata. Alimgeuza farasi nje, mbali, akazunguka kwenye majani marefu ambako hakuna aliyekuwa anapita, na kelele za Temeke zikageuka matusi. “Kanunuliwa huyo!” mzee mmoja akasema. Kisha yule farasi akaanza kuruka kama aliyefunguliwa kamba, akampata Juma, wakaja shingo kwa shingo, na walipopita mstari Juma alikuwa mbele kwa kichwa. Hatua chache tu baada ya mstari, Mjomba ndiye aliyekuwa anaongoza.

Nilirudi nyumbani sijui nililie nini. Wengine walisema kando ya uzio palikuwa na tope na angezama, hivyo ile njia ndefu ndiyo iliyomfikisha karibu. Wengine walisema njia ndefu ndiyo iliyompoteza. Wapo waliosema alichelewa kumwachia hatamu, si suala la kona hata kidogo. Kila maelezo nilipoyasikia niliyaamini, hadi nikasikia mengine. Juma akaenda Nairobi. Mjomba akapata kazi ya kupakia mizigo bandarini, na uji ukaisha.

Nami sikukaa kusubiri wa kunichukua. Nilisoma kwa taa ya kibatari, nikafanya kazi za watu mchana, nikavuka bahari kwa juhudi yangu mwenyewe, na nikarudi na diploma ya ufugaji ambayo hapa mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nasema haya bila haya, kwa sababu ni kweli. Naweza kumtazama mnyama akitembea nikakuambia mguu upi unamuuma. Ule uwanja sasa ni nyumba tu, zimebanana ukuta kwa ukuta, na watoto wanaocheza hapo hawajamwona farasi.

Nilipokwenda kumwamkia Mjomba baada ya kurudi, nilimkuta kitandani, amekonda kuliko siku zile za uji. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akanishika mkono, asiulize habari za Ulaya wala za safari.

“Wewe umesomea wanyama,” akasema. “Nimekungoja. Niambie, mwanangu, pale nilikosea?”

Nilitafuta katika yote niliyofundishwa: uzito, tope, pumzi ya mnyama, urefu wa njia. Kila nilipofika kwenye ile kona niliona njia zote mbili, na kila moja ilikuwa na haki.

“Hukukosea, Mjomba,” nikasema.

Akanitazama, uso umemkunjika.

“Basi mbona nilishindwa?”