Fungu la Ndege

Wiki iliyopita, gulioni Ipinda, nilitema mate mbele ya miguu ya mzee mwenye mvi, na sijutii. Alikuwa amekaa na ndege walionyonyolewa, amewafunga miguu kwa kamba ya mgomba, nzi wakijipitia. Akanisalimu, "Mwanangu, ugonile? Chukua hawa, watamu. Nimewatoa utumbo mapema." Kumsikia akisema maneno yaleyale kwa sauti ileile, ndipo nikatema. Mzee huyo alikuwa jirani yetu kule bondeni Mwaya. Kaa hapa, rafiki yangu, nikwambie.

Mimi shule niliishia la nne, kwa hiyo usitegemee maneno ya vitabuni. Nilichosoma nilikisomea juu ya dungu. Mpunga ukishaanza kujaa maziwa, watoto tulihamia shambani kuamia ndege. Dungu la bibi lilikuwa na miguu minne ya miti, sakafu ya mianzi na paa la majani ya mgomba. Alfajiri tunapanda na debe bovu la kugonga, na fito za kurushia vitonge vya udongo. Chini bibi anachemsha ndizi na samaki mkavu wa Matema, moshi unatupanda machoni, milima imevaa ukungu, sisi tunafyonza utamu wa kakao na kutemea mbegu mbali tuone nani mshindi.

Bibi hakutaka kelele za hovyo. "Tazama kwanza, ndipo upige debe," alikuwa akisema. Kwani wangapi kati yao walikula mpunga? Yangeyange alifuata panzi, ukimrushia kitonge bibi anakurushia wewe. Dudumizi tulimsikia tu kichakani, kama maji yanayomiminwa kutoka kibuyuni, na bibi alikuwa anakimbia kuanua karanga, maana ndege yule akilia, mvua haikukosa kuja. Walikuwepo wale wadogo wekundu, mgongo kama kaa la moto. Hao walikuwa wezi kweli, tuliwapigia debe mpaka mikono inauma. Lakini wakija korongo wenye taji, wawili wawili, wakaanza kucheza kwenye maji, bibi aliweka kidole mdomoni. Tunanyamaza. Upande wa pili wezi wanajilia mpunga wetu, na bibi anacheka mpaka anashika mbavu: "Acha nao wale, ngoma ina gharama!"

Siku ya kuvuna, pembe moja ya shamba haikukatwa. Hilo lilikuwa fungu la ndege. "Ndege hana jembe," bibi alisema, "na ametuchezea msimu mzima. Mlipe."

Jirani alituona wajinga. Alisimama kwenye tuta, mikono kiunoni. "Mama, utagonga debe mpaka uingie kaburini? Dawa kidogo tu kwenye punje, unalala usingizi!" Dawa yenyewe alipimiwa Ipinda na mwenye duka la pembejeo, kwenye chupa ya soda, bila hata karatasi ya kuonya. Bwana shamba akapita, akaona, akaondoka na bata maji wananing'inia kwenye usukani wa baiskeli yake. Mwenyekiti wa kijiji akasema anayelalamika ana wivu. Hao ndio ninaowalaumu, nawataja wote wanne kwa kazi zao, na kule bondeni hakuna asiyewajua.

Asubuhi baada ya jirani kumwaga punje zake za dawa, tulipanda dunguni, hakukuwa na cha kufukuza. Yangeyange walitapakaa tutani kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Korongo mmoja alikuwa bado anatembea, anayumba kama mlevi, anamzunguka mwenzake aliyelala. Bibi alishuka, akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika yule aliyelala.

Jioni jirani akaja na bakuli limefunikwa jani la mgomba. "Mama, usinune, kitoweo tu hiki. Nimewatoa utumbo mapema, nikawaosha kwa ndimu. Dawa haifiki kwenye nyama." Bonde zima liliamini hivyo, utumbo ukitoka na sumu imetoka. Na kwetu chakula cha jirani hakirudishwi. Bakuli likirudi limejaa, umetangaza ugomvi. Bibi akashukuru, "Ndaga," akala kidogo kwa ajili ya ujirani. Mimi nikapewa paja.

Ugali haujaisha, mdomo ukajaa mate yasiyomezeka. Moto wa jikoni nikauona mdogo, kama uko mwisho wa bomba. Nilitapika mpaka nyongo, nadhani ndiyo iliyoniokoa. Bibi alikuwa mtu mzima, mwili haukuwa na nguvu ya kutapika. Kulipokucha alikuwa ameshakwenda. Msibani mwenyekiti akasimama, akasema ni presha. Jirani akalia kwa sauti kuliko sisi, akala wali wa msiba, na msimu uliofuata akarudi dukani na chupa yake ya soda.

Nilipotema mate gulioni, alicheka. "Bado una hasira za utoto? Si tumewapumzisha! Siku hizi nani anaamia? Hata hawa nimewatafuta kwa shida, ndege wameisha." Alisema kwa majivuno, kama mtu aliyejenga daraja.

Nimevuna mwaka huu. Dungu sikujenga, la kumtazama nani? Panzi wamekula majani watakavyo. Lakini ile pembe niliiacha bila kuikata, kama bibi. Imesimama, imekauka, imelala chini. Halafu mvua ikaja bila kutangazwa na dudumizi kichakani, na jana nilipopita nimekuta fungu la ndege limeota. Punje zote zimechipua palepale zilipodondokea, kijani kibichi, hakuna hata moja iliyodonolewa.