Darasa la Jumamosi Saa Nne

Nilisomea kazi ya mapokezi ya hoteli bila kukanyaga darasa hata siku moja. Chuo kilikuwa Nairobi, nami nilikuwa Diani, mtandika vitanda katika hoteli yenye ngazi nyingi na madirisha makubwa yasiyoisha kufutwa chumvi. Masomo yalikuja kwa posta, ndani ya bahasha za kaki, kupitia sanduku la mjomba wangu pale Msambweni. Ukijibu maswali unarudisha, ukirudisha unangoja. Baada ya wiki tatu au nne karatasi zako zinarudi zimesahihishwa kwa kalamu ya kijani na mkufunzi ambaye sikupata kumwona sura wala kumsikia sauti.

Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la mwenzangu wa kazi, msichana wa bara aliyetoka upande wa Nyahururu, aliyepangiwa ghorofa moja nami. Siku moja tulikuwa katika chumba cha mashuka, tunakunja foronya, akaniuliza, "Dada, wewe utakunja hizi vitu mpaka uzeeke?"

"Vitu hivi," nikamsahihisha. "Na sitaki. Lakini ni nani atakayenipa meza ya mapokezi?"

"Hakuna. Tujiandae tu. Siku ikifika watatupata tuko ready."

Akatoa mfukoni tangazo la chuo alilolikata kwenye gazeti lililoachwa na mgeni. Jioni ile tulijaza fomu mbili, moja yake na moja yangu.

Tukawa tunasoma katika chumba kile kile cha mashuka, saa saba mchana, wakati wageni wamelala au wamekwenda kuogelea. Yeye alikuwa mwepesi wa Kiingereza, mimi nilikuwa mwepesi wa kukumbuka. Tukimaliza kusoma tulifanya mazoezi. Mmoja anakuwa mgeni, mwingine anakuwa mpokeaji nyuma ya rundo la taulo. Yeye alipenda kuwa mgeni mkorofi. Alilalamikia maji, alilalamikia mbu, mara moja alilalamikia bahari kwamba inapiga kelele, nikashindwa kumjibu kwa kicheko.

Nilimpeleka nyumbani Msambweni siku ya mapumziko. Akamsalimu mama yangu kama rika lake, "Sasa, mama?" Nilimkanyaga mguu pale pale mlangoni. Safari ya pili alianza kusema shikamoo tangu uani, kabla mama hajamwona, na mama akamwitikia marahaba mara mbili kwa furaha. Kuanzia hapo mama alikuwa akinilaumu nikifika peke yangu.

Kisha ukaja ule mwaka wa fujo. Sitaki kueleza yaliyotokea, waliokuwapo wanayajua. Wageni walikoma kuja, hoteli ikafunga ghorofa moja, kisha ya pili, na watu wa bara waliokuwa wakiishi Ukunda, waliotishwa waondoke pwani, wakaanza kufunga mizigo. Mama aliniita jikoni.

"Nenda kamwambie yule mwenzio aje akae hapa kwetu," alisema. "Kitanda kipo. Mambo yakitulia atarudi kazini kwake."

Nilikwenda. Nilimkuta chumbani kwake amekaa juu ya begi, na godoro limekwisha kukunjwa na kufungwa kamba. Njia nzima nilikuwa nimeyabeba maneno ya mama, lakini njia nzima nilikuwa pia nikiwafikiria majirani, nani atasema nini, nani atauliza kwa nini tumemweka mtu wa bara wakati kama ule.

"Umekuja kuniaga?" aliniuliza.

"Ndiyo," nikasema.

Alinitazama kidogo, kama anayengoja mtu amalize sentensi. Kisha akainuka, tukabeba godoro pamoja mpaka kituoni. Nilimwambia mama kwamba nimemkuta amekwisha kuamua. Huo ulikuwa uongo, na mama hakuniuliza la pili.

Hoteli ikafungwa. Nilirudi nyumbani, nikawa namsaidia mama kukaanga na kuuza samaki, huku bahasha za kaki zikiendelea kuja. Nilisoma peke yangu. Nikifika kwenye zoezi la mgeni na mpokeaji nilikuwa nikilisoma kimoyomoyo pande zote mbili, halafu nafunga karatasi. Kulikuwa na wanafunzi wengine wengi wa chuo kile, mkufunzi alituandikia hivyo, lakini kwangu mimi darasa zima lilikuwa mtu mmoja, naye ameondoka.

Miezi mingi ilipita. Siku moja bahasha ilikuja na barua ya ziada. Chuo kilisema kwamba mwanafunzi anayeweza kufikia kompyuta ataletewa masomo kwa barua pepe, na majibu yake yatasahihishwa ndani ya siku mbili tatu. Nyuma ya barua waliorodhesha anwani za wanafunzi waliokwisha kujiunga, ili tusaidiane. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari. Jina lake lilikuwa la tisa.

Pale Ukunda palikuwa na mama mmoja mpiga chapa, aliyekuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu. Nilimwambia nataka kujifunza kuandika barua pepe. Akaniuliza, "Unamwandikia mzungu?" Nikamwambia namwandikia mwanafunzi mwenzangu. Akacheka, akavuta kiti cha pili, akanifungulia anwani yangu mwenyewe. Nilichukua karibu nusu saa kuandika mistari minne. Nilimtolea salamu, nikamwambia mama anamsalimu, nikamwuliza amefika somo la ngapi.

Jibu nililikuta wiki iliyofuata. "Sister!!! Niko somo la nane. Huku ni baridi hadi kalamu inakataa kuandika. Mama mzima?" Mama mpiga chapa alinitolea nakala kwenye karatasi, nikaisoma mpaka ikachakaa kwenye mikunjo.

Basi tukapatana. Kila Jumamosi saa nne asubuhi yeye atakuwa kwenye kompyuta ya mjini kwao, nami nitakuwa Ukunda. Namwandikia, nangoja, ananijibu, nangoja. Simu ilikuwa ikikatika katikati ya maneno, mama mpiga chapa anaunganisha upya, na ile mashine inalia kama bati linaloburutwa. Lakini tulisoma. Na masomo yakiisha, mgeni mkorofi alirudi: "Nimefika kwenye hoteli yako na simwoni mtu wa kunibebea mzigo." Nami namjibu kwa adabu zote za somo la tano, "Karibu sana, tuwie radhi." Sikuwa na hoteli wala yeye hakuwa na safari. Mikono yangu ilikuwa ikinuka samaki juu ya zile herufi. Hata hivyo sikumbuki wakati mwingine ambao nilijiona mpokeaji hasa kuliko pale.

Jumamosi moja, kabla hatujaanza, nilimwandikia lile lililokuwa likinisumbua. Nilimwandikia: "Siku ile mama alinituma nikuchukue uje ukae kwetu. Sikukwambia. Niliogopa watu. Nisamehe." Nikabonyeza kabla sijabadili nia.

Tulingoja. Mama mpiga chapa alikwenda kununua chai akarudi. Mwishowe jibu lilikuja.

"Nilijua. Mama yako alinipata sokoni Ukunda asubuhi ya siku hiyo hiyo akaniambia mwenyewe kwamba anakutuma. Nilikuwa nangoja wewe useme. Ungesema ningekuja." Chini yake, baada ya nafasi, aliandika: "Somo la kumi, swali la tatu, umejibu aje?"

Nilimjibu swali la tatu. Kisha nikatoka nje nikasimama kwenye ukuta wa duka, nikalia nimejifunika uso kwa mtandio wangu mpaka mama mpiga chapa akaja kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana.

Tulikuwa tumepanga kufanya mtihani pamoja Mombasa. Ulipokaribia aliandika kwamba amepata kituo huko huko kwao, nauli ya pwani ni kubwa na mama yake hajiwezi. Sikumlaumu. Niliingia ukumbini Mombasa na watu ambao sikumjua hata mmoja, nikajibu maswali yote. Tulifaulu wote wawili. Jumamosi ile tulipopeana habari hatukuwa na somo la kusoma, wala hakuna aliyejifanya mgeni. Aliandika, "Sasa tutakuwa tunaongea nini, dada?" Nikamwandikia kwamba tutapata.

Hatukupata. Jumamosi zilipunguka zikawa moja kwa mwezi. Wageni walipoanza kurudi nilipata kazi ya mapokezi katika hoteli ndogo ya Diani, nami Jumamosi nikawa kazini. Nilipokwenda tena Ukunda kumweleza jinsi nilivyovishwa koti la bluu lenye vifungo, barua yangu ilirudi yenyewe. Anwani haipo. Nilikiandikia chuo kumwulizia, wakajibu kwa heshima kwamba hawana habari zake mpya.

Binti yangu sasa anasomea uuguzi, na nusu ya masomo yake yako kwenye simu. Wako watu arobaini mle ndani, wanaongea, wanacheka, mwalimu anawaita kwa majina. Juzi alinikuta nimesimama nyuma yake naangalia zile nyuso, akaniuliza nataka nini. Nikamhadithia. Akalidai jina, akaliandika kwenye simu, ikamimina picha za wanawake tele wa jina lile. Tuliwapitia mmoja mmoja. Palikuwa na mmoja mwenye miwani, amesimama mbele ya ua wa michongoma, anatazama kando.

"Ndiye huyu, mama?"

Nilimtazama sana. "Sijui," nikasema. "Funga tu."

Akafunga, akaendelea na masomo yake. Kesho yake, baada ya chai ya asubuhi, nilimwomba anifungulie tena picha ile.