Saa Kumi na Moja, Siku ya Harusi Yangu

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitueleza kwamba Waingereza wakisema jambo limefanyika saa ya kumi na moja, maana yake limefanyika dakika ya mwisho kabisa, watu wakiwa wameshakata tamaa. Sisi tukaona hiyo kazi rahisi. Kijijini kwetu Kasikeu, saa kumi na moja jua linagusa vilima. Nani hajui siku imeisha? Nikapata alama zangu, nikasahau.

Msemo huo nilikuja kuuelewa siku ya harusi yangu, miaka ya sabini. Baba hakumtaka mchumba wangu. Fundi wa baiskeli, tena wa ng'ambo ya mto! Alikubali shingo upande, akatoa onyo: ndoa isipofungwa siku iliyopangwa, haifungwi tena. Tulipanga ifungwe asubuhi. Usiku mvua ikanyesha huko juu milimani, na mto wetu, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, ukafurika.

Asubuhi ikapita pale kanisani bila bwana harusi. Mchana wageni wakala wali wote. Shangazi akaanza kunitazama kwa huruma, nikamwambia huruma yake apelekee kuku. Ai, nilikuwa na hasira! Pasta alichungulia saa yake kila mara, kwani sheria ya wakati ule haikuruhusu ndoa baada ya saa kumi na mbili jioni. Nikageuka kumtafuta baba, kiti chake kitupu. Mama akasema ametoka bila kuaga. Nikajua basi, amerudi nyumbani, mambo yamekwisha. Roho iliniuma hata kulia nikashindwa.

Saa kumi na moja watoto wakapiga kelele nje. Mchumba wangu alikuwa anakuja, suti imemganda mwilini, viatu vinaning'inia shingoni. Mbele yake alitembea baba, amelowa mpaka kifuani, kamba ya mkonge begani. Kumbe mchana kutwa alikuwa ukingoni akipima maji kwa fimbo. Yalipopungua kidogo tu, alifunga kamba mtini, akaingia, akamvusha.

"Kwa nini, baba?" nikamuuliza mlangoni.

"Nimemwona akijitosa peke yake mara mbili, maji yanamrudisha," akasema, akikamua shati. "Mjinga wa namna hiyo atakutunza. Ingia, pasta anangoja."

Nikaingia nikilia mbele ya kanisa zima, wala sikuona haya.