Pua ya Mama Ghassan

Kwetu Abu al-Khasib biskuti za Idi hazitiwi sukari. Wanaotia ni wenye maduka, na Nadhima, mama yake Ghassan, aliwasema bila kuwaonea haya. Unga, samli, hamira, habasoda kidogo, iliki, na ndani tende zilizopondwa, basi. Utamu wote ni wa tende, kwa hiyo tende ikichacha hakuna pa kuificha.

Na kleicha, kama tuziitavyo, huokwa siku za mwisho za Ramadhani, mchana, watu wamefunga. Hakuna wa kuonja. Kinachoamua ni pua, na kwa miaka mingi pua hiyo ilikuwa ya Nadhima. Wanawake walimletea tende zao uani kwake, akainama, akanusa mara moja, akasema "hii weka" au "hii kawape kuku," na hakuna aliyembishia. Alijivuna nayo, tusidanganyane.

Mwaka ule homa ya kipupwe ilimwachia kila kitu isipokuwa harufu. Alipopata nguvu alikwenda jikoni, akafungua kopo la iliki, akaona ni sawa na kopo la mchanga. Hakumwambia mtu. Mwanamke aliyesifiwa kwa pua tangu ujana wake aende kwa majirani kusema pua imekufa? Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na woga mtupu.

Aliyemchosha zaidi ni Rasha, mke wa Ghassan. Tangu homa ile binti huyo alishikwa na tabia ya kufunua kila kitu: sufuria ya nyama, mtungi wa maziwa, hata debe la mchele. Kila asubuhi mifuniko ililia jikoni, Nadhima akashindwa kulala. Alimlalamikia wifi yake, Wafiqa.

"Huyu mtoto kwao hakukuwa na vyungu? Hakuna kifuniko anachokiacha kitulie."

"Umeletewa mkaguzi," Wafiqa akacheka. "Mnunulie na kofia."

Ikafika siku ya kuoka. Uani kukajaa wanawake, unga ukakandwa, ukaumuka. Wafiqa akaweka mbele ya Nadhima sinia kubwa la tende zilizopondwa, za nyumba zote.

"Haya wifi, tupe hukumu. Ukituaibisha mwaka huu nitanunua za dukani, zilizojaa sukari, nije nizile mlangoni kwako."

Nadhima akainama, akavuta pumzi. Hewa tu. Akabonyeza kwa kidole. Zilikuwa laini, lakini hata iliyochacha ni laini. Akisema ndiyo na kumbe zimechacha, mtaa mzima utakula uchachu siku ya Idi. Akizikataa bure, watanusa wengine na siri itatoka.

"Zinataka samli kidogo," akasema, akaingia na sinia jikoni. Huko hakugusa samli. Alichukua kopo la sukari ya chai. Hata zikiwa mbaya, alijiambia, sukari itafunika.

"Usitie, mama," Rasha akasema nyuma yake. "Nzuri hizo."

"Umejuaje?"

"Nilizinusa asubuhi kabla hazijapondwa. Mtungi mmoja ulikuwa umechacha. Nimewapa kuku."

Nadhima akaketi juu ya gunia la unga. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile maziwa yalipoungua, nawe umekaa pale pale unachambua dengu." Rasha alisema polepole, asisikike uani. "Sikutaka kukuuliza. Nikasema nitanusa mimi tu, yaishe."

Kumbe mifuniko yote ile. Nadhima alikumbuka maneno yote aliyomsema huyu binti na akaona aibu, lakini nafuu ilikuwa kubwa kuliko aibu, machozi yakamtoka. Miezi yote ile alidhani yuko peke yake.

"Nimekusengenya kwa Wafiqa."

"Najua, aliniambia. Nangoja kofia yangu."

Nadhima akacheka huku analia. Akairudisha sukari rafuni, akatoka na sinia.

"Tende ni nzuri," akawaambia. "Lakini aliyezinusa ni Rasha. Mimi homa ilinichukulia pua. Kuanzia leo muulizeni yeye."

Wafiqa akaweka chini donge lake la unga.

"Ndiyo maana ulisifia manukato yangu," akasema. "Nikajiuliza, huyu wifi amekuwaje."

Uani kukalipuka vicheko, na kazi ikaendelea.

Baada ya adhana, walipokwisha kunywa maji na supu, zikaletwa biskuti na chai. Nadhima akauma moja. Ganda lilivunjika vizuri, tende ilikuwa na joto bado, utamu ulifika ulimini, mengine hakuyapata. Akamgeukia Rasha.

"Iliki inasikika?"

Rasha akaisogeza biskuti puani, akafumba macho, hakuharakisha. "Inasikika, mama. Ni ile ile yako."

Kesho yake asubuhi mifuniko ikalia tena jikoni, mmoja baada ya mwingine. Nadhima akaisikiliza mpaka wa mwisho, akageukia ukutani, akajivutia shuka, akalala.